Herufi Kumi na Tano za Guilhem Darricau

Mwaka ule Guilhem Darricau alikuwa na miaka ishirini na tisa, na katika misitu yote ya misonobari kati ya Sabres na mto Adour hakuna mtu aliyekuwa akibishana naye tena kuhusu mbio. Si kwamba alikuwa mwenye majivuno. Aliulizwa, akajibu. Ukimwambia, "Guilhem, unaweza kufika Tartas kabla ya gari la barua?" alikuuliza gari limeondoka saa ngapi, akaangalia jua, kisha akasema, "Naweza." Mjadala ukaishia hapo, na kweli gari lilipofika Tartas lilimkuta ameketi kwenye ngazi za kanisa anakula kitunguu.

Alikuwa mgema utomvu. Alipewa misonobari elfu nne na zaidi, na kila mmoja ulitaka kuchanjwa upya kila wiki, la sivyo jeraha lingeziba na kile chungu kidogo cha udongo chini yake kingekaa kikavu. Mtu akitembea hawezi kuimaliza. Kwa hiyo Guilhem alikimbia. Tangu ana miaka kumi na miwili alikuwa akikimbia pekupeku kutoka mti hadi mti, kishoka mkononi, chanja, ruka, kimbia, chanja, tangu umande hadi jua linapokaa juu ya vichaka. Miti haikuwa yake. Nusu ya utomvu ilikwenda kwa mwenye msitu, na maksai waliovuta mapipa walikuwa wa mwenye msitu, na siku mwenye msitu alipotaka maksai wake kwa shughuli nyingine, mapipa ya Guilhem yalibaki juani yakivuja.

Mkewe aliitwa Maylis. Alikulia kwenye vinamasi akichunga kondoo juu ya mironjo, ile miti mirefu ambayo wachungaji wa huko hujifunga miguuni ili wasizame na ili waione mifugo kwa mbali. Siku hizi vinamasi vilikuwa vimekaushwa na misonobari imepandwa kila mahali, lakini Maylis hakuiacha mironjo yake. Alikwenda nayo sokoni, akarudi nayo, na kuku wa jirani walikuwa wamemzoea. Tena alijua kusoma. Masista wa Sabres walimfundisha kwa majira mawili ya baridi kabla baba yake hajaamua kwamba yametosha.

Mtu wa tatu ndani ya nyumba alikuwa Cataline, mama yake Maylis, mjane mfupi asiyenyamaza.

Siku moja mwanzoni mwa Mei, Maylis alirudi kutoka sokoni na samaki wa chumvi aliyefungwa kwa gazeti. Alimtoa samaki, akalikunjua gazeti juu ya meza, akaanza kusoma kimya. Supu ya kabichi ikapoa.

"Samaki ameandikwa nini?" Cataline aliuliza.

"Mbio," Maylis akasema. "Jumapili ya tatu ya Juni. Kutoka Mont-de-Marsan mpaka Dax. Kilomita hamsini na mbili, kwa miguu."

"Kwa miguu, na treni ipo? Watu wa mjini wana wazimu."

Guilhem alikuwa anamega mkate wa mahindi. "Zawadi ni nini?"

"Maksai wawili. Wamefunzwa nira."

Kijiko cha Cataline kilisimama njiani. Kisha Guilhem akameza tonge lake, akajipangusa mdomo na kusema, kama mtu aliyeulizwa kuhusu gari la barua, "Basi tuchague mahali pa kujenga zizi."

"Ngoja kwanza," Maylis akasema. Kidole chake kilikuwa kimefika chini ya ukurasa. "Kuna vituo vitatu njiani, Campagne, Tartas na Pontonx. Katika kila kituo, mkimbiaji ataandika jina lake kamili kwa mkono wake mwenyewe. Asiyeandika anaondolewa. Alama ya msalaba haikubaliki."

Cataline akacheka mpaka akakohoa. "Imekwisha hiyo! Mkwe wangu hajui kuandika hata moja."

"Moja naijua, mama," Guilhem akamjibu. "Ni kijiti."

"Na mbili?"

"Mbili ni vijiti viwili. Usinidharau." Akamgeukia mkewe. "Jina langu lina herufi ngapi?"

Maylis alihesabu kwa midomo. "Guilhem, saba. Darricau, nane. Kumi na tano."

"Na tuna wiki sita. Wiki moja kwa herufi mbili na nusu. Nimefanya kazi ngumu kuliko hiyo."

Akaanza kesho yake. Maylis alimchorea herufi zote kwa mkaa juu ya gome, naye akaenda nalo msituni akiwa amelichomeka kiunoni. Kwenye mti wa kwanza alichanja, akainama, akaandika G mchangani kwa kidole, akakimbia. Mti wa pili, u. Mti wa tatu, i. Akifika mti wa kumi na tano jina limekwisha, na wa kumi na sita anaanza tena. Kila jioni msitu ulikuwa umejaa Guilhem Darricau aliyetapakaa kwenye mchanga, herufi moja kila mti, na upepo ukizifuta. Mwishoni mwa wiki ya tatu alikuwa hahitaji tena lile gome.

Kalamu ilikuwa balaa jingine. Mkono uliozoea kishoka ulivunja ncha mbili siku ya kwanza, na ya tatu ikatoboa karatasi na kubaki imesimama mezani.

"Unaikaba," Maylis alimwambia. "Ishike kama unavyotoa yai chini ya kuku anayeatamia."

"Kuku gani? Yule mweupe au yule anayedonoa?"

"Yule anayedonoa."

Hapo akaelewa. Alishika kalamu kwa hofu na adabu, na jina likatoka, limepinda lakini zima. Tatizo likawa muda. Maylis alihesabu kwa sauti wakati anaandika, na hata siku ya mwisho hakushuka chini ya dakika moja na nusu. Cataline alisema kwamba kwa muda huo yeye angekuwa amenyonyoa bata bukini.

"Vituo vitatu ni dakika nne na nusu," Guilhem akasema bila wasiwasi. "Tufanye tano, kwa ajili ya wino. Basi nitawashinda kwa dakika sita, nibaki na moja ya kupumua."

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, walikwenda Mont-de-Marsan kujiandikisha. Msimamizi mkuu alikuwa Bwana Lafargue, mwanasheria wa mji ule, mwenye sharubu zilizopakwa nta na miwani iliyoning'inia kwa utepe. Waliojiandikisha walikuwa ishirini na tatu. Kati yao watu walimwangalia mmoja tu, Achille Vaudremont wa Paris, ambaye picha yake ilikuwa imechorwa kwenye matangazo ukutani. Alikuwa mrefu, mwenye kifua kama mlango, na alivaa kaptura ya hariri ya buluu na viatu vya ngozi laini vilivyoshonwa kwa ajili ya mbio tu. Kando yake alisimama mwalimu wake, Bwana Picot, mtu mwembamba aliyeshika baiskeli yenye kikapu kilichojaa chupa.

"Msaidizi wako ni nani?" Bwana Lafargue alimuuliza Guilhem.

"Huyu hapa. Mke wangu."

Bwana Lafargue aliinua macho, akaendelea kuyainua, kwa sababu Maylis alikuwa juu ya mironjo. "Bibi, wasaidizi wote wanatumia baiskeli."

"Sina baiskeli, bwana mkubwa."

"Basi huwezi kuwa msaidizi."

"Kanuni ya saba," Maylis akasema kutoka huko juu, "inasema hivi: kila mkimbiaji atakuwa na msaidizi mmoja, ambaye hataenda kwa miguu. Baiskeli haikutajwa. Na mimi, kama unavyoona, miguu yangu haigusi ardhi."

Watu waliokuwa karibu walianza kucheka. Bwana Lafargue alivaa miwani, akaisoma kanuni ya saba, akaisoma tena kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiandika. Kisha akaandika jina la Maylis Darricau kwenye daftari.

"Ila usimguse," akasema. "Mpe kinywaji tu."

"Nimemgusa miaka minane, bwana mkubwa. Kesho nitampumzisha."

Kumbe baiskeli ingewasaidia, kwa kuwa mironjo hata iwe mirefu vipi haimfikii Guilhem kwa mwendo wa saa nne mfululizo. Kwa hiyo wakakubaliana kwamba Maylis aondoke mapema, amngoje Tartas, karibu na katikati ya safari. Saa kumi na moja kasoro alfajiri, anga ikiwa na rangi ya maziwa, alishika njia na vibuyu viwili mgongoni. Kimoja kilikuwa na supu ya nyama ya chumvi, cha pili maji na siki.

Saa kumi na mbili juu ya alama bastola ililia.

Vaudremont aliondoka kama aliyefukuzwa. Wengine walimfuata, maana mtu akiona bingwa anakwenda naye huona aibu kubaki. Kabla ya nyumba za mwisho za mji Guilhem alikuwa wa kumi na nane, amevaa viatu vyake vya kitambaa vyenye soli ya kamba na suruali aliyoikata magotini, akikimbia mwendo uleule wa siku zote. Mwanamke mmoja mlangoni alimpigia kelele, "Wewe wa utomvu! Umesahau mapipa?"

"Nayafuata Dax, mama!" Guilhem akamjibu bila kupunguza mwendo.

Barabara ilikuwa nyeupe, imenyooka, ina mipopla, miti mirefu myembamba, pande zote mbili. Guilhem hakuitazama barabara nzima. Alichagua mti mmoja mbele, akakimbia mpaka pale, akachagua mwingine. Kilomita hamsini na mbili ni nyingi, lakini kutoka mti hadi mti ni hatua kumi na tano, na hatua kumi na tano hazijawahi kumchosha mtu. Huko mbele waliokimbia kwa aibu walianza kurudi mmoja mmoja. Alimpita karani wa posta aliyeshika ubavu. Alimpita askari wa likizo. Alimpita mtengeneza mikate kutoka Aire ambaye alimwambia, "Kaka, hii si kazi ya watu waliozaliwa na mama," naye akamwambia, "Tembea kidogo, pumzi itarudi," akaendelea.

Campagne alifika akiwa wa sita. Meza ilikuwa chini ya mlango wa shule, na juu yake daftari, kidau cha wino na kalamu. Jina la Vaudremont lilikuwa pale tayari, limepigwa kwa mkupuo mmoja. Guilhem alijifuta mkono kwenye suruali, akaishika kalamu kama anayemwibia kuku anayedonoa, akaanza. G. u. i. l. Umati ulikusanyika kumzunguka. Mkimbiaji mmoja alifika nyuma yake, akaandika, akaondoka. Mwingine akafika, akaandika, akaondoka.

"Anachora ramani!" mtu mmoja akasema.

"Mwacheni, anaandika wosia!"

Guilhem hakuinua kichwa. Alimaliza u ya mwisho, akaweka nukta ambayo haikuhitajika, akairudisha kalamu kidauni kwa adabu. "Ahsanteni kwa subira," akawaambia, akatoka mbio. Wale wawili aliwapita kabla ya mwisho wa kijiji.

Kufikia saa mbili joto lilikuwa limeanza kuchemsha utomvu wa misonobari, na harufu yake ilikuwa nzito barabarani. Wengine waliilalamikia. Kwa Guilhem ilikuwa harufu ya nyumbani, na miguu yake ikachangamka kama farasi anayekaribia zizi. Tartas alikuwa wa pili. Maylis alikuwa amesimama juu ya mironjo mbele ya daraja, akionekana tangu mbali, kichwa chake juu ya kofia zote.

"Amepita dakika tatu zilizopita," alimwambia akimshushia kibuyu. "Uso mwekundu. Yule mwembamba anampa konyaki."

"Konyaki? Kwenye jua hili?"

"Nimeona kwa macho yangu. Kunywa polepole. Sasa nenda kaandike, na usikimbize mkono. Miguu ndiyo inayokimbia."

Aliandika vizuri Tartas, herufi zote kumi na tano. Walipotoka mjini Maylis aliandamana naye pembezoni mwa barabara, mironjo ikipiga ardhi kwa hatua ndefu za korongo, jasho likimtiririka. Baada ya kilomita nne aliona mkewe anaanza kubaki, hatua moja, mbili, tano.

"Nenda!" Maylis akapiga kelele nyuma yake. "Nitakukuta Dax na maksai wetu!"

Hakugeuka, ila aliinua mkono.

Kaptura ya buluu aliiona kilomita tatu kabla ya Pontonx. Mwanzoni ilikuwa doa, halafu kitambaa, halafu mtu. Vaudremont bado alikimbia vizuri, kifua mbele, lakini kisigino cha kulia kilikuwa na damu juu ya ile ngozi laini. Bwana Picot alikuwa kando yake juu ya baiskeli. Guilhem akamfikia, wakawa bega kwa bega.

"Wewe ndiye yule mwenye mke mrefu?" Vaudremont akauliza.

"Ndiye mimi."

"Unakimbia kama mwizi wa kuku."

"Na wewe," Guilhem akasema, "unakimbia kama kuku."

Vaudremont akacheka, kicheko kikamharibia pumzi, akatukana, akacheka tena. "Usiongee naye!" Bwana Picot akafoka. Wakaingia Pontonx pamoja, watu wamejipanga pande zote wakipiga makopo na masufuria.

Meza ilikuwa mbele ya kanisa. Vaudremont alinyakua kalamu, akapiga mkupuo wake, akaitupa, akaondoka. Kalamu ilianguka chini. Guilhem akaiokota, ncha imejikunja, akainyoosha kwa ukucha. G. u. Alisikia makopo yakilia upande wa kule, upande wa Dax, yakimshangilia mwenzake. i. l. h. Jasho lilidondoka kwenye karatasi na kuifanya e kuwa kama buibui. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi moyo wake ulikwenda haraka kuliko miguu. Alimaliza, akasukuma daftari, akaondoka bila kuweka nukta.

Vaudremont alikuwa mita mia tatu mbele.

Kilomita kumi na tatu zilizobaki Guilhem alizikumbuka maisha yake yote, na mara nyingi aliombwa azisimulie, lakini hakuwa na mengi ya kusema. Paja la kushoto lilikaza. Akalipiga ngumi, likaachia, likakaza tena, akalipiga tena. Alichagua mti, akakimbia, akachagua mwingine. Zile mita mia tatu zikawa mia mbili, zikakaa mia mbili kwa muda mrefu wa kukera, zikawa mia. Mbele yao Bwana Picot alitoa chupa nyingine. Vaudremont alikunywa, akaongeza mwendo kama mtu aliyechomwa sindano, pengo likapanuka, na Guilhem akajisemea moyoni, "Hiyo ni kasi ya kuazima," akabaki na mwendo wake.

Kwenye mteremko wa Saint-Paul, mnara wa kanisa kuu la Dax ukiwa umeonekana ng'ambo ya mto, Vaudremont alisimama ghafla, akainama kando ya barabara, akatapika konyaki yote. Guilhem alimpita pale. Alipofika darajani alisikia nyayo zinamfuata tena, maana yule mtu alikuwa bingwa kweli na si wa kulala mtaroni. Ndipo Guilhem alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nzima. Alikimbia kwa nguvu zake zote. Maji ya Adour yaling'aa chini yake, mbao za daraja zikalia, akapita langoni, akapita kati ya watu, akafika kwenye chemchemi ya maji moto katikati ya mji ambako utepe ulikuwa umefungwa, saa nne na dakika kumi na mbili. Vaudremont alifika dakika moja baadaye, akijikokota. Wa tatu alikuwa bado Pontonx.

Kelele zilikuwa hazijatulia wakati Bwana Picot alipopanda jukwaani na daftari la Pontonx, lililokuwa limeletwa kwa gari la farasi, waliochelewa wakiachiwa karatasi nyingine.

"Napinga!" akasema. "Kanuni inataka jina kamili. Mtu huyu ameandikishwa kwa jina la Darricau, lenye r mbili. Hapa pameandikwa Daricau. R moja! Huyu Daricau hatumjui. Aliyeandika Pontonx si yeye, au ni yeye lakini hakuandika jina lake. Kwa vyovyote vile, aondolewe."

Bwana Lafargue alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukawa wa mtu asiyefurahia anachokiona. "Ni kweli," akasema. "R ni moja."

Guilhem alikuwa ameketi ukingoni mwa chemchemi. Akasimama, akapanda jukwaani.

"Naomba nione," akasema.

Walimpa daftari. Aliliangalia jina lake, akafuata herufi kwa kidole, na kweli moja ilikosekana. Aliijua hata mahali ilipopotelea, pale makopo yalipolia. Hakuona sababu ya kukataa. "Nimeiacha moja," akasema. "Naijua r. Iliniponyoka." Halafu jicho lake likapanda mstari wa juu, kwenye ule mkupuo wa Vaudremont, akaukazia macho. Alitafuta herufi anazozifahamu. Palikuwa na a katika Achille, Maylis alikuwa amemwambia hivyo walipokuwa wakisoma matangazo ukutani. Hakuiona. Alifikiri ni ujinga wake.

"Bwana mkubwa," akamuuliza Bwana Lafargue kwa heshima kabisa, "mimi ni mwanafunzi wa wiki sita tu. Nisaidie. Hii hapa ni herufi gani?"

Bwana Lafargue alisogeza daftari karibu na pua. "Hiyo... nadhani ni V."

"Na hii?"

"Hiyo ni..." Akaligeuza daftari kidogo. "Hiyo ni mwendelezo wa V."

"Na r yake iko wapi? Vaudremont ina r, sivyo? Mimi nimeacha moja kati ya mbili. Nataka nione yake, nijifunze."

Mtu mmoja umatini alianza kucheka, kicheko kikasambaa uwanja mzima mpaka kwenye madirisha ya ghorofani. "Soma, mwanasheria! Soma!" walipiga kelele. Bwana Lafargue alikuwa mwekundu hadi masikioni. Ule mstari haukuwa na herufi hata moja inayosomeka. Ulikuwa kama alama ya mnyoo aliyepita kwenye matope.

Bwana Picot alifungua kinywa, lakini Vaudremont alikuwa amepanda nyuma yake, kiatu kimoja mkononi, soksi imelowa damu.

"Nyamaza, Picot," akasema. "Nimeshindwa kwa miguu. Sitaki kushinda kwa wino." Akamwendea Guilhem, akampa mkono. "Mwizi wa kuku, Oktoba kuna mbio Paris. Kilomita arobaini. Njoo unishinde nyumbani kwangu ukiweza."

"Nikiweza?" Guilhem alifikiri kidogo. "Naweza."

Maylis aliingia uwanjani saa moja baadaye, mironjo imejaa vumbi, na kila mtu akamfungulia njia. Hakuuliza nani ameshinda. Alikwenda moja kwa moja pale maksai walipofungwa, akashuka, akawapapasa shingo, akawaangalia kwato, ndipo akamgeukia mumewe. "Mbona umekaa kama gunia?" akamuuliza, na machozi yakamtoka.

Safari ya kurudi iliwachukua siku tatu, maana maksai wana mwendo wao na hawaangalii nani anawaongoza. Guilhem kila mara alijikuta yuko hatua hamsini mbele, akasimama, akarudi. Cataline alikuwa mlangoni. Aliwazunguka wale wanyama mara mbili, akamfungua mmoja mdomo, akatazama meno.

"Huyu wa kushoto ana kengeza," akasema. Kisha akaingia ndani, akatoa paja zima la nguruwe lililokaushwa alilokuwa amelificha kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe, akalikata vipande vinene. "Kula, mkwe wangu. Nitakufa mwaka mwingine."

Oktoba walipanda treni, mume na mke, na mironjo ikawekwa kwenye behewa la mizigo ingawa huko hakuna aliyeihitaji. Maylis alimuuliza kama ana hofu. Guilhem alikuwa anatazama nje, miti ikipita kasi kuliko alivyowahi kuiona ikipita.

"Hofu ya nini? Wana miguu miwili kama mimi."

Paris ilikuwa na mvua na mawe yenye utelezi. Alishika nafasi ya pili, Vaudremont akiwa wa kwanza kwa hatua thelathini. Walipopeana mikono Guilhem alikuwa anahema na kutabasamu. Aliuliza mbio zinazofuata ni lini, wakamwambia Machi, Lyon. Alikwenda Lyon, akashinda. Alikimbia miaka tisa mingine, akashinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa, na kila majira ya machipuko alirudi msituni kwa wakati wa kuchanja, kwa sababu aliamini kwamba miguu inatengenezwa kule na huko mijini inaonyeshwa tu. Mapipa yake hayakulala tena juani. Mwaka wa nne alinunua eka sita za misonobari karibu na nyumba, zake mwenyewe, na siku ya kwanza ya kuzichanja alimchukua Maylis, wakaingia pamoja kabla umande haujakauka, yeye akikimbia chini na mkewe akipiga hatua ndefu juu yake kati ya matawi.